Kadi za harusi za kuchapa mwenyewe Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika ukoo wetu nimekuwa katibu wa kamati za harusi kwa miaka mingi, na kazi ya kadi humwangukia katibu. Nimechapa kadi kwenye sebule ya shangazi kule Nkuhungu, nimechapa kwenye steshenari za karibu na soko la Majengo, na nimewahi kukesha nikikata kadi kwa wembe umeme ukiwa umekatika. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa kila msimu wa harusi unapokaribia. Nimeyajibu kwa ajili ya mtu ambaye bajeti yake imebana na hataki kuingia kwenye ndoa akiwa na deni la karatasi.

Kuchapa mwenyewe kunapunguza gharama kweli, au ni usumbufu tu?

Kunapunguza, ila akiba haitoki pale watu wengi wanapodhani. Karatasi na wino si ghali sana. Kinachokula fedha ni kuchapa mara mbili: jina limekosewa, ukumbi umebadilika, idadi imeongezeka baada ya kikao cha mwisho. Ukiwa na subira ya kuhesabu na kusoma kabla ya kugusa printa, kadi za nyumbani zitakuwa nafuu na zitapendeza. Ukiwa na haraka, bora uende kwa mchapaji ulipe mara moja.

Kuna faida nyingine ninayoithamini zaidi. Ukichapa mwenyewe hulazimiki kuagiza kadi 100 wakati unahitaji 64. Unachapa 64, na wiki mbili baadaye baba mdogo akimkumbuka rafiki yake wa Manyoni, unachapa ya 65.

Nianze na nini? Nimeshapata muundo mzuri sana wa kadi.

Uweke kando kwanza. Anza na orodha ya majina.

Kwetu kadi ya mwaliko ni zaidi ya tangazo. Ndiyo tiketi ya mlangoni na ndiyo hesabu ya sahani. Mpishi ataambiwa idadi kutokana na kadi, meza na viti vitapangwa kutokana na kadi, vinywaji vitanunuliwa kutokana na kadi. Kadi moja ya ziada iliyotolewa ovyo ina gharama kubwa kuliko karatasi yake, kwa sababu nyuma yake kuna chakula cha mtu.

Keti na mweka hazina mkiwa na daftari la michango. Tenganisheni wanaopata kadi ya singo, ya mtu mmoja, na wanaopata dabo, ya watu wawili. Tuseme sherehe ni ya watu 200: ukitoa dabo 80 na singo 40, umefika 200 na umetumia kadi 120 tu. Wengi huhesabu watu badala ya kadi, wakaishia na rundo la kadi tupu ndani ya kabati. Juu ya hizo 120 ongeza asilimia 10 kwa ajili ya zitakazoharibika na wageni wa dakika za mwisho. Unapata 132. Hiyo namba iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa maana kila hesabu inayofuata itaitegemea.

Nichape lini?

Baada ya mambo matatu kuthibitika: tarehe ya kufunga ndoa, ukumbi uliokwisha kulipiwa angalau malipo ya awali, na tahajia ya majina yote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza ndoa Jumapili tatu. Nimeona tarehe ikisogezwa kwa sababu cheti kimoja kilichelewa kutoka kwao bwana harusi, na kadi zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Zungumzeni na mchungaji, padri, shehe au ofisi ya mkuu wa wilaya kwanza, kisha ndipo uchape.

Kwa Dodoma ongeza tahadhari ya kalenda ya mji wenyewe. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi Juni, na siku hizo vyumba vya wageni huwa haba na bei hupanda. Nanenane nayo hujaza Nzuguni na mji mzima. Mwaka 2026 tarehe 8 Agosti inaangukia Jumamosi, kwa hiyo anayeitamani Jumamosi hiyo ajue wageni wake watagombea malazi na wageni wa maonyesho. Hili linahusu kadi kwa sababu mgeni wa mbali anahitaji kuipata mapema zaidi ili apate pa kulala.

Kwa kawaida mimi hutaka kadi ziwe zimechapwa wiki sita kabla, na zimeanza kugawiwa wiki nne kabla. Wiki mbili za katikati ni za kuandika majina na kurekebisha yaliyojitokeza.

Kadi za mchango nazo nichape vilevile?

Hapana, hizo zifanye rahisi kabisa. Kadi ya mchango kazi yake ni kuomba na kutoa namba ya kutumia fedha. Karatasi ya kawaida, rangi nyeusi, nne kwa ukurasa mmoja, inatosha. Wengi siku hizi wanaituma kwa WhatsApp tu na inapokelewa vizuri. Fedha ya urembo itunze kwa kadi ya mwaliko. Jambo moja usilisahau kwenye kadi ya mchango: andika jina kamili litakalotokea mtu anapotuma fedha kwa simu. Mzee akiona jina asilolijua kwenye simu yake atasitisha, na hatakupigia kuuliza.

Kadi iwe na ukubwa gani?

Hapa ndipo penye akiba kubwa kuliko mahali pengine pote, na ndipo watu wasipopatazama.

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiikata katikati unapata A5 mbili. Ukiikata mara nne unapata A6 nne. Ukiigawa mara tatu kwa upana unapata kadi tatu ndefu nyembamba, milimita 99 kwa 210, ambazo huingia vizuri kwenye zile bahasha ndefu za barua za ofisi.

Chukua kadi zetu 132. Kwa A5 unahitaji karatasi 66, kwa kadi ndefu 44, kwa A6 33. Sasa weka bei. Tuseme, kwa mfano tu, karatasi ngumu moja ni shilingi 300 na kuchapa ukurasa mmoja wa rangi ni shilingi 500. Bei halisi ulizia dukani kwako. Kila karatasi itakugharimu 800. A5 ni shilingi 52,800, kadi ndefu ni 35,200, na A6 ni 26,400. Harusi ile ile na maneno yale yale, lakini A6 imekula nusu ya fedha za A5.

Chaguo langu kwa harusi nyingi ni ile kadi ndefu. A6 ni ndogo, na majina ya wazazi wa pande zote mbili yakiwa marefu maandishi yanabanana hadi wazee wanashindwa kuyasoma. Kadi ndefu ina nafasi, inaonekana ya heshima, na bahasha zake hupatikana kila duka la vifaa vya ofisi. A5 ichague kama unataka kuikunja iwe kama kitabu, ratiba ikae ndani.

Karatasi gani ninunue?

Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni ya gramu 80, maana yake mita moja ya mraba ina uzito wa gramu 80. Kwa kadi hiyo ni laini mno, ukiishika inalegea. Tafuta ya kati ya gramu 160 na 250. Chini ya hapo kadi inakosa heshima, juu ya hapo printa nyingi za nyumbani haziwezi kuivuta.

Manila ni rafiki wa mwenye bajeti ndogo. Zipo nyeupe, za maziwa, za waridi, za bluu, na zipo zenye kumetameta ambazo bei yake ni juu kidogo. Siri yangu ni hii: nunua manila yenye rangi ya sherehe, kisha uchape kwa wino mweusi pekee. Rangi imeshalipiwa ndani ya karatasi, na kuchapa ukurasa mweusi ni rahisi mno kuliko ukurasa wa rangi. Ukishaweka utepe mwembamba au kipande cha kitenge cha sare pembeni, hakuna atakayeuliza kwa nini hakuna maua ya rangi nane.

Zunguka kabla ya kununua. Kuanzia Majengo hadi maduka ya katikati ya mji karibu na Nyerere Square, bei ya manila ile ile hutofautiana, na pakiti nzima huwa nafuu kuliko moja moja. Nunua zote siku moja, duka moja. Ukirudi wiki ijayo kuongeza kumi, ile maziwa ya kwanza na hii maziwa ya pili hazitafanana, na meza ya mapokezi itaonyesha.

Printa ya wino au ya leza?

Printa ya wino hurusha matone madogo ya wino wa maji juu ya karatasi. Inatoa picha nzuri na huvumilia karatasi ngumu kiasi, hasa ikiwa inaingizia karatasi kwa nyuma na si kwa trei ya chini ambayo huilazimisha karatasi kujipinda. Udhaifu wake ni maji. Mkono wenye jasho au tone la soda linaweza kuchafua jina la bibi harusi. Ukichapa, tandaza kadi mezani zikauke kabla ya kuzipanga moja juu ya nyingine. Hewa kavu ya Dodoma hapa inakusaidia. Kiangazi hukauka haraka.

Printa ya leza hutumia unga unaoyeyushwa kwa joto kali ukashikana na karatasi. Maandishi yake ni makali, hayachujuki, na kwa kadi za maandishi meusi ndiyo ninayoipendelea. Lakini usiwahi kuingiza kwenye leza karatasi ya picha iliyotengenezwa kwa ajili ya printa ya wino. Tabaka lake la juu linaweza kuyeyuka na kung'ang'ania ndani ya mashine, na ikiwa mashine ni ya mwenye steshenari, utakuwa umenunua ugomvi.

Usinunue printa kwa ajili ya harusi moja. Omba, azima, au beba faili lako na karatasi zako uende steshenari ulipe kwa ukurasa. Wengi wanakubali mteja aje na manila yake, ila uliza kwanza, na uombe wajaribu karatasi moja kabla ya kukubaliana idadi.

Kuna njia iliyo rahisi kuliko zote: chapa ukurasa mmoja tu kwa leza, safi kabisa, halafu utoe kopi juu ya manila. Kwa kadi nyeusi tofauti haionekani kwa urahisi. Harusi moja ya Kongwa tulifanya hivyo, na wageni walisifia kadi.

Karatasi zinanasa kwenye printa au zinaingia mbili mbili. Kwa nini?

Kwa hali ya hewa ya kwetu, mara nyingi ni ukavu na vumbi. Karatasi inapopoteza unyevu hujikunja pembeni na kushikana kwa umeme tuli, kama nywele zinavyovutwa na kitana. Hiyo ndiyo sababu zinaingia mbili kwa pamoja. Acha karatasi ndani ya pakiti yake hadi saa ya kuchapa. Ukizitoa zipepete kama unavyopepeta kurasa za kitabu, kisha zigonge mezani zilingane.

Vumbi la kuanzia Julai hadi Septemba linaingia kila mahali, na magurudumu ya mpira yanayovuta karatasi yakishika vumbi huteleza. Yafute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowanishwa kidogo. Printa isipotumika ifunike kwa khanga. Shangazi yangu amefanya hivyo miaka yote na printa yake bado inavuta manila.

Ikiwa karatasi ni ngumu, iambie printa. Kwenye mipangilio kabla ya kuchapa kuna sehemu ya kuchagua aina ya karatasi, chagua nene. Mashine itapunguza mwendo, na leza itaongeza joto ili unga ushike. Wasiofanya hivyo hulalamika kwamba maandishi yanabanduka wakipitisha kidole.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi?

Chapa kwa mafungu ya karatasi kumi kumi, sio zote kwa amri moja. Hivyo ukirudi unajua ulipoishia. Kumbuka pia kwamba leza inavuta umeme mwingi inapopasha joto, hivyo betri ndogo ya sola inayobeba taa na televisheni inaweza kuzidiwa. Angalia LUKU kabla ya kuanza.

Sijui kubuni. Nitumie programu gani?

Canva kwenye simu ina miundo ya bure ya kutosha. Microsoft Word nayo inatosha kabisa kwa kadi ya maandishi. Usiogope urahisi. Kadi nyingi mbaya nilizoziona ziliharibiwa na wingi wa mambo: mioyo, njiwa, pete, waridi, picha ya wapendanao na aina sita za mwandiko. Chagua aina mbili za mwandiko, moja ya kupinda kwa majina ya maharusi na moja iliyonyooka kwa mengine yote. Mwandiko wa kupinda usiutumie kwa saa, ukumbi na namba za simu.

Mambo ya kiufundi ni machache. Weka ukubwa halisi wa kadi tangu mwanzo, usibuni mraba wa picha ya simu halafu uunyooshe. Kwa A5 faili la picha linatakiwa kuwa na pikseli 1748 kwa 2480 ili lichapwe bila ukungu. Acha nafasi tupu ya angalau milimita 5 pembeni, maana printa nyingi hazichapi hadi ukingoni. Na ukimaliza hifadhi kama PDF. Ukipeleka faili la Word kwenye kompyuta ya steshenari isiyo na mwandiko uliouchagua, litabadilika lote mbele ya macho yako.

Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama hati, siyo kama picha. Picha hubanwa na kupungua ubora. Afadhali zaidi ubebe flashi.

Naweza kuweka kitu cha Dodoma kwenye kadi?

Tafadhali weka. Kwa nini kadi ya harusi ya Chamwino iwe na mandhari ya theluji? Kichala cha zabibu kwenye kona, kilichochorwa kwa mistari tu, hupendeza na huchapika vizuri kwa rangi nyeusi. Mbuyu bila majani. Ng'ombe, kwa familia iliyotoa mahari kwa desturi. Kwa harusi ya dada mmoja Mgogo, mdogo wake alichora ngoma ya muheme kwa kalamu, tukaipiga picha mchana nje ya nyumba, tukaiweka juu ya jina lake. Haikutugharimu hata senti, na mama yake aliitambua mara moja.

Usichukue michoro ya kazi ya mtu mtandaoni bila ruhusa. Katika kila ukoo kuna kijana anayejua kuchora. Mpe heshima hiyo.

Niandike maneno gani?

Huu ni mfano ninaoutumia, urekebishe utakavyo:

Familia ya Bw. na Bi. ............ wa Nkuhungu, Dodoma, inayo furaha kukualika Bw./Bi./Dkt./Mch. ............ katika sherehe ya harusi ya kijana wao mpendwa ............ na ............, itakayofanyika Jumamosi, tarehe 22 Agosti 2026. Ibada ya ndoa itaanza saa 8:00 mchana, kanisa la ............ Sherehe itafuata kuanzia saa 12:30 jioni, ukumbi wa ............ Ukifika tafadhali onyesha kadi hii. Majibu: ............

Saa ni mahali pa hatari. Ukiruhusu programu ijaze saa yenyewe itaandika 6:30, na huku kwetu 6:30 ni mchana kabla ya chakula. Katika ukoo wetu kadi 120 ziliwahi kutoka na "saa 6:30 jioni". Wazee walisimama ukumbini wakati wapambaji bado wanafunga vitambaa, na bibi mmoja alirudi nyumbani amechoka kabla sherehe haijaanza. Tangu hapo naandika saa ya Kiswahili na neno mchana, jioni au usiku pembeni yake, na nampa mtu mwingine asome kwa sauti.

Hakikisha siku na tarehe vinalingana. Fungua kalenda; usiamini kumbukumbu.

Eleza pia mahali. Mji umepanuka sana, na mgeni anayelijua jina la ukumbi anaweza asijue ulipo. Alama moja inatosha: karibu na shule fulani, baada ya kituo fulani cha daladala. Kwa wageni wa Dar es Salaam wanaokuja kwa treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, hufaa kutaja ukumbi uko upande gani wa mji ili wapange usafiri kutoka stesheni.

Mzazi mmoja amefariki. Jina lake liandikwe?

Liandikwe, kama familia inataka, likitanguliwa na neno marehemu. Muulize mzazi aliyebaki na wajomba au baba wadogo. Si uamuzi wa anayeshika kompyuta. Vivyo hivyo kwa wazazi walioachana, au bwana harusi aliyelelewa na bibi. Nimeona mtu mzima akilia kwa sababu jina la mama aliyemlea lilikuwa kwenye kadi. Hapo hakuna gharama ya wino inayozidi.

Nitazuiaje kadi za kughushi?

Kadi ya nyumbani ni rahisi kuigiza, kweli. Ipe kila kadi namba kwa mkono, uandike namba hiyo kwenye daftari mbele ya jina la mwalikwa. Piga muhuri wa kamati au saini ya mweka hazina kwa kalamu yenye rangi isiyo ya kawaida, kijani kwa mfano. Singo na dabo zitofautishe kwa jambo linaloonekana haraka mlangoni: utepe wa rangi mbili tofauti, au kona iliyokatwa kwa singo. Neno peke yake halitoshi, maana mlinzi wa mlangoni atakuwa gizani akisukumwa na foleni.

Ukitaka alama ya mraba ya kuskani kwa simu, isiwe chini ya sentimita 2, iwe nyeusi juu ya nyeupe, na uijaribu kwenye karatasi iliyochapwa, siyo kwenye kioo cha kompyuta.

Rangi zimetoka tofauti na nilivyoziona kwenye simu.

Ni kawaida. Simu hutengeneza rangi kwa mwanga na printa hutengeneza kwa wino, kwa hiyo zambarau inayong'aa kwenye kioo hutoka imefifia kwenye karatasi. Chapa moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile utakayotumia, uitazame nje kwenye mwanga wa mchana. Dhahabu halisi printa haiwezi kutoa. Inatoa kahawia ya njano. Anayetaka dhahabu anunue utepe.

Nikate na kukunja vipi bila kuharibu?

Kisu chenye makali mapya, rula ya chuma, na ubao chini yake. Pitisha kisu mara mbili au tatu kwa wepesi badala ya kukandamiza mara moja. Chora alama ndogo za kukatia kwenye faili lenyewe. Lakini ikiwa kadi zinazidi hamsini, zipeleke steshenari yenye mashine kubwa ya kukatia. Hulipwa kidogo, na kingo zote hulingana.

Manila ikikunjwa ghafla hupasuka kwenye mkunjo. Kwanza piga mstari kwa kalamu ya bolipeni iliyoisha wino ukiongozwa na rula, ndipo ukunje. Karatasi ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na ikikunjwa kufuata nyuzi hutulia. Jaribu moja kwa pande zote mbili utaona tofauti.

Bahasha ni lazima?

Siyo lazima. Rudi kwenye hesabu yetu: bahasha 132 zikiwa shilingi 200 kila moja ni 26,400, sawasawa na gharama ya kuchapa kadi zote za A6. Kwa wazee, viongozi wa dini na wakwe, weka bahasha. Kwa wengine, kadi iliyofungwa utepe na kuandikwa jina kwa mkono inatosha. Kadi ndefu zinaweza kuviringishiwa kikanda cha karatasi chenye jina.

Majina ya waalikwa niyachape au niyaandike kwa mkono?

Kwa mkono, kama kuna mwenye hati nzuri. Word inaweza kuchukua majina kutoka orodha ya Excel na kuyachapa kila kadi na jina lake, na kwa wageni wengi inaokoa muda, ila kosa moja kwenye orodha linaingia kwenye kadi. Juu ya karatasi inayong'aa wino wa kalamu huchelewa kukauka, jaribu kwanza. Na cheo cha mtu usikikosee. Aliyepata udaktari juzi hapo UDOM anataka kuona Dkt.

Siku hizi si kadi ya simu inatosha?

Kwa marafiki wa umri wetu na wageni walio mbali, inatosha, na ndiyo nafuu kuliko zote. Harusi za karibuni tumechapa theluthi tu, zilizobaki zikaenda kwa simu zikiwa na namba ile ile ya daftari. Ila babu wa Bahi asiye na simu ya kisasa anahitaji karatasi mkononi. Ataiweka juu ya meza, kila anayeingia ataisoma.

Kadi za vijijini zifike vipi?

Zifunge pamoja kwa eneo: Kondoa, Mpwapwa, Kibaigwa, Singida. Mpe ndugu mmoja wa kila eneo azigawe, ukimtumia pia orodha ya majina kwa simu. Zikienda kwa basi, zifunge ndani ya plastiki. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua inaweza kukuta mzigo juu ya pikipiki.

Nimeona kosa baada ya kuchapa zote. Nifanyeje?

Kama ni herufi ya jina la mtu au tarehe, chapa upya, usibandike karatasi juu ya jina la bibi harusi. Kama ni namba ya simu au jina la mtaa, chapa kipande kidogo cha marekebisho ukiambatishe kwa utepe. Karatasi zilizoharibika usizitupe. Upande wa nyuma hutosha kwa namba za meza na majina ya wakwe kwenye viti vya mbele.

Nibakize ngapi?

Tano tupu kwa wageni wa ghafla, zikiwa kwa mweka hazina na si kwa mwingine. Mbili zenye majina ya maharusi wenyewe, ziwekwe pamoja na cheti cha ndoa. Na moja kwa aliyekuazima printa.